Niliposema "Haya" Chini ya Gari

Jamani, mkiwa chini ya gari msiseme "haya".

Maghorofa yetu ya Flemingdon Park hayaruhusu mtu kutengeneza gari, kwa hiyo rafiki yangu Musa alituachia uwanja wa nyumba yake huku mji wa jirani, Markham, akaenda kazini. Uwanja wenyewe ni wa zege jipya, jeupe.

Nilikuwa nafunga bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, hadi kwenye sampo, lile karai la oili chini ya injini. Pikapu yetu ya dizeli, bomba gumu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Mke wangu Neema yuko kwenye usukani, anasubiri nimwambie awashe.

Mara bomba likaingia. Nikashusha pumzi, nikajisemea tu: "Haya..."

Neema akawasha.

Klipu ya kulibana bado iko mkononi mwangu! Bomba likachomoka, oili ikanimwagikia shingoni. Nikapiga kelele, "We! We! We!"

Si akadhani nashangilia? Akakanyaga mafuta!

"Zima!"

Akazima. "Si umesema haya?"

Nikalirudisha bomba, safari hii nikalibana kwa klipu kwanza.

Bomba limekaa, injini nzima. Ila zege lina doa kubwa kuliko meza. Tumesugua kwa sabuni, tumemwaga mchanga wa choo cha paka, ule unaonyonya majimaji, linazidi kutanuka tu. Mnaojua, hili linatolewaje?

Musa ametuma ujumbe sasa hivi: "Niko njiani. Msinichafulie tu uwanja, haya?"

Neema ananiangalia.

Nimemjibu: "Haya."