Mgeni Niliyemnywesha Uji Mkutanoni

Sijui nitawatazamaje tena watu wa afya hapa Mwanza. Safari hii mkutano wa taifa wa utafiti wa UKIMWI ulikuja na jambo jipya: mtu anayeishi na virusi angezungumza jukwaani. Mimi, nesi wa Nyakato, nikapangiwa kumpokea. Mlangoni nikamwona baba mwembamba, suti inamning'inia.

"Pole, baba. Usikate tamaa."

Nikamketisha, nikamletea uji, nikamsimamia mpaka akamaliza.

"Asante, binti," alisema tu.

Mama mmoja mnene aliyekaa jirani alicheka mpaka machozi. Nikamkazia macho.

Kisha akaitwa profesa wa kufungua mkutano. Mgonjwa wangu akafuta midomo, akapanda jukwaani.

Yule mama akaninong'oneza, "Nesi, mgeni wako ni mimi. Ulinipita mlangoni bila hata shikamoo."