Mwano wa Mama Hana

Inatangazwa kwa wananchi wote, wakulima na wafugaji, wenye kadi na wasio na kadi, waliohama kwa hiari yao na waliohama kwa hiari ya lori, kwamba katika mwaka wa 1975, katika kijiji cha Tujitegemee, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Iguguno, mwanamke aitwaye Damari, mke wa Urbano, mama wa Hana, mkulima wa uwele, mwenye mbuzi mmoja na asiye na cheo chochote isipokuwa ujumbe wa kamati ya kufagia kisima, aliizingira dola kwa ugali. Dola ilikuwa na fimbo, bunduki na ufunguo. Yeye alikuwa na mlenda. Wananchi mnaombwa kusimama. Asanteni. Kaeni.

Mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa. Kigoda alichochongewa na baba yake siku alipoolewa kilibaki kipya miaka kumi na minane. Kuku ndiye aliyekizeesha. Damari alikula akitembea, alisali akitembea, na mchungaji alishachoka naye, akamhesabu kuwa muumini wa mlangoni. Mumewe Urbano alikuwa kinyume chake: mfuga nyuki mpole, mwenye pumu, mtu wa kukaa chini akasubiri mambo yaive yenyewe. Majirani walisema Mungu aliwaumba hao wawili siku moja, ila katika kugawa mwendo mkono ukamteleza.

Tujitegemee ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Kabla ya hapo kila mtu aliishi kwenye boma lake, na kutoka kwa jirani mpaka kwa jirani uliweza kuanza hadithi ukaimaliza. Ndipo yakaja malori ya Operesheni Vijiji, yakapakia vyungu, mabibi na kuku, yakavimwaga vyote kwenye uwanda mmoja ambako nyumba zilipangwa mistari minne, imenyooka kama daftari la mtoto mwoga. Maji yangekuja. Zahanati ingekuja. Aliyefika wa kwanza alikuwa Koplo Melkizedeki.

Koplo alikaa njia panda, robo saa kutoka kijijini, katika ghala la zamani la karanga lililopandishwa cheo likawa kituo. Alikuwa na mgambo mmoja, Alute, mwanamume wa kijiji hichohicho, na fimbo moja ya mpingo aliyoiita Elimu ya Watu Wazima, kwa sababu, alisema, haijawahi kumwachia mtu bila kumfundisha. Ukikutwa nyumbani saa za shamba la kijiji, ulisoma. Ukikutwa njiani, ulisoma. Ukikutwa unarudi mahameni, kwenye maboma yetu ya zamani, ulisoma madarasa mawili. Alipiga nyayo tu. Nani hukagua nyayo za mwenzake?

Wa kwanza kusoma alikuwa Antipasi, binamu yake Urbano, wa nyumba ya mkabala. Siku anachukuliwa, Damari aliona kila kitu. Kisha akauvuta mlango wake taratibu, akajiambia, “Atakuwa amefanya kitu.” Maneno hayo yalikuwa dawa ya usingizi ya kijiji kizima. Antipasi alirudi baada ya siku mbili akitembea kwa kingo za miguu, kama mtu anayevuka tope, na hakuna aliyemuuliza tope gani katikati ya kiangazi.

Sasa ikawa zamu ya Urbano. Mizinga yake ilibaki mahameni, kwani nyuki hawakupewa taarifa ya Operesheni. Jumanne moja saa tatu asubuhi, kabla watu hawajakwenda shamba la kijiji, alikuwa anarudi na kibuyu cha asali, akamkuta Koplo amesimama mlangoni pake kama mgeni wa posa.

“Umetoka wapi, mzee?”

“Kwa nyuki, afande.”

“Nyuki wapinga maendeleo hao. Alute, mfunge.”

Alute akamfunga kamba, macho yake yakitazama kamba tu. Kwenye mstari mzima milango ikafungwa, pa, pa, pa, kama mtu anayebana vifungo vya koti. Damari aliihesabu. Aliijua sauti hiyo. Hata wa kwake ulishaitoa.

Urbano aligeuka mara moja. “Mke wangu, funika hiyo asali. Sisimizi.”

Akaifunika. Kisha, kwa kuwa dola ilikuwa na fimbo lakini haikuwa na chungu, na mahabusu alilishwa na ndugu zake, Damari akasonga ugali wa uwele, akamimina juu mlenda, mboga yake ya utelezi, akautia kwenye bakuli la Urbano la bati la buluu, lililobanduka rangi ukingoni. Hawakuwa na jingine la ukubwa ule. Saa tano alikuwa njia panda.

Koplo alilipokea bakuli mlangoni, akaingia nalo, akakawia. Damari alizunguka mti wa kituo mara nane. Koplo alipotoka, mikono mitupu, uzi wa mlenda ulikuwa unaning'inia kwenye sharubu zake, mrefu, mtulivu, usio na haraka ya kukatika.

“Amekula?”

“Amekula, ameshiba, anakusalimu.”

“Mbona anakohoa?”

“Anacheua.”

Lakini Damari alikijua kikohozi kile. Baada yake huja mluzi kifuani, na baada ya mluzi huja kimya. Mara mbili alishampepea Urbano mpaka alfajiri kwa sababu ya vumbi la kupeta mtama tu, na ghala lile lilikuwa na vumbi la maganda ya karanga tangu enzi za Mwingereza.

“Afande, nakuomba, mtoe akae kivulini. Hilo vumbi litamuua.”

“Saa nane ana kipindi,” Koplo akasema, akiigonga Elimu ya Watu Wazima kwenye buti. “Akishahitimu utakuja kumchukua.”

“Afande, mtu huyo hana pumzi ya kupigwa.”

“Basi hatapiga kelele. Rudi nyumbani, mama, usije ukaandikishwa na wewe.”

Saa nane. Koplo hakuchagua saa ile kwa bahati. Mchana huo kijiji kizima, isipokuwa wazee na wenye watoto wadogo, kilikuwa shamba la pamoja, upande wa pili wa mistari, na hakuna sikio lililobaki karibu na njia panda. Damari alirudi akikimbia, akasimama, akakimbia tena. Akaingia ndani kwake, akatoka, akaingia, akasahau alichofuata. Kisha akavuka njia kwa Antipasi, ambaye siku hizi alichambua mbegu kivulini maana hakuweza kulima.

“Shemeji, siku ile ulipochukuliwa nilifunga mlango.”

“Najua,” Antipasi akasema bila kuinua kichwa. “Bawaba yako inalia. Itie mafuta.”

Damari akageuka kuutazama mlango wake. “Ungetaka nifanye nini?”

Antipasi akaziweka mbegu chini. Hakuwa ameulizwa swali hilo na mtu yeyote, hata na mkewe. “Usimame tu pale. Unitazame. Yule bwana akitazamwa mkono wake unakuwa mzito. Alinianza, akapita mchuuzi wa ng'ombe, akaacha, akasubiri ng'ombe wapite wote ndipo akaendelea. Ng'ombe, shemeji! Aliwaonea aibu ng'ombe.”

“Walipita wangapi?”

“Wachache.”

Damari alishaondoka. Alimkuta mwenyekiti wa kijiji, Samweli, kando ya shamba, anasimamia kivuli chake. Alimweleza akimzunguka, na mwenyekiti akawa anageuka naye kama jogoo wa bati juu ya paa.

“Mama Hana, simama basi, nasikia kizunguzungu. Unataka watu waende kituoni? Huo ni mkutano. Mkutano unahitaji kibali. Kibali kinatoka wilayani.”

“Basi si mkutano. Nitapiga mwano.”

Samweli akaacha kugeuka. Mwano ni ukelele wa hatari, wa simba, wa moto, wa wezi wa ng'ombe. Ukiusikia unakwenda na ulichonacho mkononi, na huulizi unaitiwa nini mpaka umefika. Asiyekwenda hutozwa mbuzi. Na anayeupiga bure, bila hatari ya kweli, naye hutozwa mbuzi, halafu huchekwa mpaka wajukuu.

“Mwano haupigiwi polisi,” Samweli akanong'ona. “Haijawahi kutokea. Wazee wakisema umepiga bure je?”

“Mbuzi ninaye.”

“Ni huyo huyo mmoja!”

“Ndiyo, ninaye.”

Akaweka kiganja mdomoni, akaupiga.

Hapa inabidi kuishukuru Operesheni, maana wengi huisahau. Mahameni mwano ungekwenda kilima kwa kilima, ukachoka njiani, na waliofika wangefika wakati wa kuzika. Lakini serikali ilitupanga mistari ili itufikie upesi, ikasahau kwamba na sisi tungefikiana upesi. Sauti ya Damari iligonga mstari wa kwanza, wanawake wa mstari wa kwanza wakaidaka, wa pili wakaidaka, na kabla hajavuta pumzi ya tatu shamba lote lilikuwa linakuja. Felista alikuja na mtoto nusu ana sabuni. Mzee Stefano, imamu wetu aliyesilimu ukubwani akakataa kubadili jina, alikuja na buli. Wengine walikuja na majembe, wengine na mabakuli, kwa sababu ilikuwa saa ya chakula cha shambani.

“Simba yuko wapi?” wakauliza.

“Yuko ghalani na mume wangu,” Damari akasema. Akawaambia yote kwa pumzi moja: kikohozi, vumbi, saa nane, mlenda kwenye sharubu. Na jambo la Antipasi na ng'ombe. Kisha akasema, “Majembe yaacheni hapa. Akiona jembe atasema vita. Chukueni mabakuli. Tunakwenda kumlisha mahabusu, na chakula cha mahabusu hakihitaji kibali.”

Watu walimtazama mzee Stefano, mkubwa kuliko wote, aamue kama mwano ni wa kweli au mbuzi ameliwa. Mzee akaliinua buli lake.

“Huyu Urbano anapenda chai,” akasema, akatangulia.

Walifika njia panda saa saba na nusu, watu kama mia mbili, wakakaa chini mbele ya kituo, kila mtu na bakuli lake magotini. Wote isipokuwa mmoja.

Koplo akatoka na fimbo. “Hii nini?”

“Chakula cha mahabusu, afande.”

“Mahabusu ni mmoja!”

“Atachagua.”

“Leteni hapa, mtawanyike!”

“Tutamwona akila,” Damari akasema. “Ugali wa asubuhi ulipotea njia.”

Uzi wa mlenda, ukiwa umekauka sasa, ulikuwa bado pale. Mtoto wa Felista akaunyooshea kidole. Koplo akainua Elimu ya Watu Wazima. Damari alikuwa hatua mbili mbele yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane miguu yake haikwenda popote. Macho mia nne yaliitazama fimbo, si kwa hasira, kwa makini tu, kama watu wanaosoma. Ikakaa juu. Ikakaa. Ikashuka pole pole, ikajikuna kwenye buti.

“Alute!” Koplo akafoka. “Waondoe!”

Masikini Alute. Alisogea na bunduki mpaka kwa aliyekaa mbele, na aliyekaa mbele alikuwa mzee Stefano, na mtu hamfukuzi mzee kabla hajamwamkia.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mkeo hajambo?”

“Hajambo. Babu, tunaomba…” Lakini pembeni ya babu alikaa bibi, akimtazama. “Shikamoo, bibi.” Na pembeni ya bibi mjomba wake. Kijiji kizima kilimzidi umri, na hakuna aliyekubali kurukwa. Kwenye shikamoo ya ishirini sauti ya amri ilikuwa imeisha. Kwenye ya arobaini bunduki ilikuwa imeegemezwa ukutani, maana ilimzuia kuinama. Ndipo akamfikia Antipasi, ambaye hakuitikia. Alivua kandambili zake za tairi, akanyoosha miguu, akageuza nyayo juu.

Sara, mjane wa mstari wa tatu, akanyoosha za kwake. Nyuma yake mwingine. Wakawa saba, kisha kumi na mmoja, kila mmoja akiwatazama wengine kwa mshangao, kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba nyayo mbaya kijijini ni zake peke yake.

Kutoka ghalani ukasikika mluzi.

“Alute,” Damari akasema. “Huo ni mluzi. Bado kimya tu.”

Alute akautoa ufunguo. Koplo alitazama nyayo, akasogea kando ya mlango.

Walimtoa Urbano akiwa wa kijivu kama jivu, nyayo zimevimba, kipindi cha asubuhi, ambacho Koplo hakukitaja, alishakihudhuria. Wakamkalisha kivulini, Damari akampepea kwa kanga, akampepea mpaka mluzi ukashuka ukawa kikohozi, na kikohozi kikawa pumzi. Alichagua chai ya mzee Stefano. Walimbeba kwa zamu mpaka nyumbani, na msimu ule mizinga yake ilipandiwa na watu wa mstari wake, wakaumwa sana na nyuki wasiowajua. Na tangu siku hiyo, akichukuliwa mtu, mstari wake wote ulikwenda naye na mabakuli, ukakaa, ukatazama.

Baada ya wiki mbili akaja bwana mkubwa kutoka wilayani na Landrova, kuchunguza mkutano usio na kibali. Aliambiwa ulikuwa mlo. Alioneshwa nyayo. Alizitazama kwa muda mrefu, akafuta miwani, akazitazama tena, na jioni mizigo ya Koplo Melkizedeki ilikuwa juu ya Landrova. Hakufukuzwa, serikali yetu haina tabia ya kutupa kitu. Alihamishwa.

Lakini kwanza ilibidi hotuba. Bwana mkubwa alisema kwamba mwanamke huyu ni mwenge wa umma ulioamka, ni ngao ya wanyonge, ni mfano kwa taifa. Akaamuru aletewe kiti cha mbele, chenye mto. Damari hakukaa. Alikuwa amesimama kando ya Landrova, anapekua mizigo kwa macho.

“Mama Hana,” bwana mkubwa akasema, na katibu wake akaandaa kalamu, “waambie wananchi. Ni nini hasa unachokidai kwa niaba ya umma?”

“Bakuli la mume wangu,” Damari akasema. “La buluu. Anakula kwenye sufuria.”