Mistari Miwili kwenye Suruali

Saa nne asubuhi. Mvuke umejaa chumba cha nyuma cha duka la dobi. Mama Nyoosha anailaza suruali ubavu, analinganisha mshono na mshono, ndipo anashusha pasi. Mstari unatoka umenyooka kama kamba ya fundi mwashi.

"Mkikatwa na mstari huu, msinidai dawa," anawatania wenzake.

Jina la Mama Nyoosha alilipata hapahapa, miaka kumi na moja iliyopita. Mwezi uliopita nusura limponyoke.

Kodi ya chumba chake ilipanda hadi ikameza nusu ya mshahara. Akahamia pembezoni mwa jiji, kilomita tisa kutoka kazini. Nauli nayo ingekula robo nyingine, hivyo akaamua kutembea.

"Tumbo la mwanangu halijui habari za nauli," anasema. "Miguu ni yangu, hainidai."

Miguu haikudai, ila macho yalichoka. Asubuhi moja alinyoosha suruali ya mteja aliyekuwa akiwahi usaili wa kazi, akasahau kulinganisha mishono. Ikatoka na mistari miwili, kosa la mwanagenzi. Mteja akaja juu.

Suruali ilinyooshwa upya na mteja akawahi. Kisha mwenye duka akamwita.

"Mama Nyoosha, unaumwa?"

"Siumwi, mzee. Natembea."

"Kutoka wapi?"

Mama Nyoosha akamtajia. Mfuaji, dada asiye na breki mdomoni, akadakia kutoka kwenye beseni: "Mzee, ukimfukuza huyu, hizo suruali utazinyoosha kwa ulimi!"

"Nilishavua aproni," Mama Nyoosha anakumbuka. "Nikaikunja vizuri, nisije nikasemwa hata kwa hilo."

Mzee aliikunjua, akamrudishia.

Tangu wiki hiyo, wafanyakazi wote wanne wanapewa nauli juu ya mshahara. Bei za sokoni bado zinapaa, lakini Mama Nyoosha hurudi nyumbani binti yake akiwa bado macho, wakasoma pamoja.

"Mwakani natafuta chumba cha karibu," anasema. "Hata kiwe kama sanduku, bora kitanda na meza ya binti yangu viingie."

Saa kumi na moja jioni anachomoa pasi. Nje mvua inamwagika. Mfuaji anamuuliza kama atasubiri ikatike.

"Nisubiri nini, mdogo wangu?" anacheka, akifunga viatu. "Mimi napanda basi."