Don Evaristo Aondoa Ngazi

Eduvina Barría alikuwa akichora nyumba za mapumziko kando ya ziwa Llanquihue tangu ujana wake, na sasa mgongo ulimuuma hata kabla hajaketi. Mvua ilipiga madirisha ya ofisi. Mezani ilikuwepo ramani ya nyumba ya mbao ya Don Evaristo Oyarzún, mstaafu wa Santiago, mteja asiyetulia.

Mwanzoni alitaka ghorofa, alale juu akitazama volkano. Mara akasema ngazi ziondoke. Eduvina akakishusha chumba cha kulala, akapanga upya nguzo zote za paa. Kisha milango ipanuliwe. Leo amepiga simu tena: kizingiti cha barazani hakitaki, na dirisha la chumbani lishuke hadi magotini.

"Don Evaristo, nimechoka kufuta. Dirisha likishuka hivyo, mvua itaingia."

"Fundi ni wewe, mama. Tafuta njia."

Eduvina alikata simu, hana hata nguvu ya kukasirika. Akachora kitanda kando ya dirisha ili apate kipimo, mkono ukasita. Nani hutazama ziwa kutoka magotini? Mtu aliyelala. Na milango mipana vile ni ya kiti cha magurudumu.

Kesho yake Doña Melania, mke wa Evaristo, alikuja kuchagua mbao za kuta.

"Nani anaumwa?" Eduvina alimuuliza taratibu.

"Yeye. Misuli inamwisha. Anadhani sijui." Akapapasa ubao. "Mwache anifiche. Ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo."

"Na wewe utajifanya hujui mpaka lini?"

"Mpaka nyumba iishe. Kwa hiyo harakisha, binti, acha kunung'unika."

Wakacheka kidogo.

Eduvina hakunung'unika tena. Alilivuta paa mbele likinge dirisha, akajaza udongo nje hadi ukawa sawa na baraza.

Don Evaristo alihamia katika nyumba hiyo kiangazi kilipoanza, akitembelea mkongojo. Majani yalipoanza kupukutika hakuinuka tena. Asubuhi moja, ukungu ukiondoka ziwani, alimwambia mkewe aliyelala kando yake, "Melania, kuna jambo nilikuficha."

"Najua. Sogea, unanibana."

Eduvina alisimuliwa hayo kwenye msiba wa Don Evaristo, na Melania mwenyewe. Akarudi nyumbani, akavua viatu, akalala na koti lake mwilini.