Kobe mu Motokari ya Bibi Harusi

Motokari yangu ya courant, ile ya kuchaji na umeme, nilinunua na jasho yangu mwenyewe, bila diplome. Siku ya ndoa ya binti yangu wa mwisho, njo mimi nilimupeleka ku salle ya fête, ukumbi wa karamu. Bandugu balifuata nyuma, klaksoni mu Kamalondo yote.

Taa nyekundu ya batri ikawaka ku tableau mbele yangu.

"Papa, hii inasema nini?"

"Réserve tu, ingali inabakia kidogo. Nilitembeza camion ya mizigo miaka na miaka, sindano ya mafuta ku zéro, sikulala njiani hata siku moja."

Nikazunguka tena barabara yetu ya zamani, bajirani bamuone. Hapo picha ya kobe ikatokea ku tableau, alama ya kama courant inaisha, motokari ikaanza kujikokota. Mbele kidogo ya salle, ikazima.

"Papa na kiburi yako! Bantu banatungoja!"

Bamama balishuka mu motokari za nyuma, bakafunga bitambaa ku kiuno, bakasukuma bakiimba. Ile pole-pole ilikuwa kabisa hatua ya kuingiza bibi harusi. Binti yangu akaanza kucheka, akatoa mikono ku dirisha, akacheza nayo. Ku mulango wa salle bantu bote balisimama na bigelegele.

"Bukwe," baba ya bwana harusi akaniuliza, "nani alipanga entrée ya namna hii?"

"Mimi," nikajibu, mikono ku volant kama dereva.