Mzee Aliyekataa Jina Lisilo Lake

Msiniulize kama nilikuwa nimesinzia. Ilikuwa mchana kweupe, chai yangu ya maziwa bado ina moto, na Bahati ni shahidi. Mkitaka kucheka chekeni kabisa, mkimaliza mnisikilize.

Nafanya kazi hapa Euless, Texas, kwenye kampuni inayopima ubora wa kadi za wachezaji. Watu hututumia kadi zao za besiboli, zile zenye picha ya mchezaji ambazo watu hukusanya, wataalamu wanazipa alama, kisha kila moja inafungiwa kwenye kasha la plastiki lenye lebo ya jina. Mimi na Bahati, binti wa Bukavu mwenye macho ya mwewe, ndio wakaguzi wa mwisho. Mimi nasoma lebo kwa sauti, yeye anatazama kadi. Ikitupita sisi, imeshatoka.

Siku hiyo tulikuwa na kadi ya haraka ya bibi mmoja mjane wa Houston, kule Alief. Ilikuwa picha ya marehemu mumewe, enzi za ujana wake uwanjani. Bibi alipiga simu ofisini akasihi imfikie kabla ya ibada ya kumkumbuka, aiweke mezani wajukuu waione.

Nikasoma lebo: Calvin Tarbow. Bahati alikuwa na mafua, chafya juu ya chafya, akaniashiria tu niendelee. Nikanyoosha mkono niiweke kwenye sanduku la kusafirishwa.

Mtu akaitika nyuma yangu.

Chumba kile haingii mgeni, mlango ni wa kufunguliwa kwa kitambulisho. Nikageuka, nikaona mzee mrefu, kofia mkononi, shati limepigwa pasi vizuri. Niaminini, sikuogopa. Utamwogopaje mtu mwenye adabu kiasi kile? Nilidhani ni mgeni wa bosi, nikamwamkia shikamoo kwa mazoea, naye akatabasamu. Kisha akasema, kwa kile Kiingereza cha taratibu cha wazee wa Texas:

“Umeniita, binti yangu, lakini huyo si mimi. Mpe mwenzangu jina lake.”

Nikaitazama kadi. Chini ya picha, kwa herufi ndogo, limechapwa jina la Otis Wrenfield, mume wa yule bibi. Nilipoinua macho, mzee hayupo.

Bahati alikuwa amesimama, hata chafya zimekatika. “Dada, ule mzee amepita wapi? Mulango iko ya kufunga.”

Tulilirudisha kasha, likavunjwa, lebo ikachapwa upya, na kadi ikaondoka jioni ileile. Baada ya ibada nikampigia bibi kujua kama ilifika. Alikuwa na furaha mpaka ikaniambukiza. Ndipo nikamuuliza, kwa woga kidogo, Calvin Tarbow ni nani.

Akanieleza kwamba Calvin na mumewe walikuwa chanda na pete, timu moja, wakaja kugombana juu ya nani aliyewapa ushindi wa mechi fulani. Hawakusemezana tena mpaka Calvin akafariki.

“Mume wangu amekufa akisikitika kwamba Calvin hakumsamehe,” alisema.

Nikamsimulia yote, na neno lenyewe alilolitumia yule mzee: mwenzangu. Bibi akalia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, nami nikalia naye kwenye simu, na moyo wangu mweupe.

Sasa mimi na Bahati tunatazama uso kwanza, ndipo tunataja jina. Kazi inachelewa, bosi ananuna. Anune. Nanyi msiyataje majina ya watu ovyo. Wapo wanaoitika, na si wote watakaokuja na adabu ya mzee Calvin.