Taa za Vizibo Dirishani

Mama yangu aliacha kuona kabla ya mvua za Novemba, au ndivyo alivyotuambia. Nilimpeleka kwa muuguzi wa macho anayekuja Kanyangi. Muuguzi alimmulika kwa tochi, jicho moja kisha la pili, akamuuliza kama anaona mwanga. Mama akasema ni giza tupu. Muuguzi akanivuta kando akanieleza kwamba mtoto wa jicho hupasuliwa, lakini jicho lisiloona hata mwanga, upasuaji hauwezi kulisaidia. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, huku mama akimtania mwenye bodaboda njia nzima. Ningeshtuka hapo, lakini sikushtuka.

Desemba tukapata mgeni, mhandisi Myahudi aliyekuja kusaidia kikundi chetu kujenga bwawa la mchanga la kuhifadhia maji mtoni. Tulimpa chumba cha nyuma. Jioni moja aliniomba vizibo tisa vya soda, pamba na mafuta ya kupikia. Alivipanga dirishani upande wa barabara, akasokota tambi, akawasha kimoja cha kando, na kwa hicho akawasha kingine kimoja tu. Aliimba kidogo, kisha akatueleza. Zamani watu wa kwao walilikomboa hekalu lao, wakakuta humo mafuta ya siku moja, nayo yakawaka siku nane. Ndiyo sikukuu ya Hanuka, na kila jioni huongezwa taa moja.

Mimi nilizima balbu ya sola kuokoa chaji, nikaleta ungo wa ndengu, nikasogea dirishani kuchambua. Kwetu mwanga hauwaki bure. Mgeni akanigusa mkono.

"Pole dada, hizi si za kufanyia kazi. Ni za kutazama tu."

Nikabaki na ungo magotini. Nimekulia kwenye koroboi, na maisha yangu yote taa ilikuwa ya kunituma: sufuria ile pale, daftari lile, sindano ile. Sikuwahi kukaa nikatazama moto usionidai chochote. Nilistaajabu mpaka nikasahau ndengu. Halafu nikamwona mama ameketi kwenye kiti chake, uso umeelekea dirisha lile lile, nikaumia. Taa za kutazama tu, na yeye hana cha kutazamia.

Yeye alishughulika na mafuta. "Leo ni vijiko vingapi?" aliuliza kila jioni. "Hiyo si ingekaanga sukuma?"

Siku ya nane vizibo vyote viliwaka. Watu wa kanisa letu waliokuwa wakitoka maombi walisimama barabarani wakatazama. Nikafungua mlango kuwakaribisha, upepo ukaingia, na taa zote zikazimika mara moja. Hakuna aliyesogea.

"Mbona mmezima?" mama akauliza.

Mgeni akawasha kiberiti. Uso wa mama ukaufuata ule moto kutoka mkono wa mgeni hadi dirishani.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, na sauti yangu haikuwa ya heshima vile mama anavyostahili, "ulimwambia muuguzi nini?"

Alikunja leso yake, akaikunjua. "Dada yangu kule Mukuyuni walimpasua, akarudi analia na jicho mpaka leo. Nikaona heri niseme hakuna kitu, mniache."

Mwezi mzima nilikuwa nimeyalilia macho yake chini chini. Nilikuwa na hasira ya kupasua kuni, na machozi yalikuwa yananitoka.

"Hizi taa umeziona tangu lini?"

"Tangu ile moja ya kwanza. Ilikuwa kidogo sana, nikasema ni mawazo. Kesho yake ikaongezeka. Nikawa nangoja jioni ifike. Halafu nikaanza kutamani kuona ni nani anaziwasha."

Mgeni akachutama karibu naye. "Ni mimi, susu," akasema, kwa lile neno la bibi tulilomfundisha.

"Sauti naijua. Nataka sura."

Wiki iliyofuata tulirudi kwa muuguzi. Mama aliketi kwenye benchi, mkono wake ukiubana wangu hadi vidole vikaniuma. Muuguzi akawasha tochi, na kabla hajauliza lolote, mama akanyoosha kidole.

"Hapo," akasema. "Iko hapo."